Maji ya Mtende ni Maji ya Zamu

Leo nakuomba tuanze na neno moja ambalo sote tumelizoea. Neno lenyewe ni sheria. Ukilisikia, mawazo yako huenda mahakamani, kwa hakimu na mashahidi. Lakini neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ya kale ni njia ya kuendea maji, pale watu na wanyama wao wanapoteremkia kunywa. Na katika vijiji vya Oman, chini ya milima ya Hajar, mahali ambapo mfereji wa chini kwa chini hutokeza juu ya ardhi kwa mara ya kwanza, watu wakachota maji ya kunywa yakiwa bado masafi, huitwa kwa jina hilohilo: sharia.

Nimeanza na neno hili kwa sababu leo tunazungumzia umwagiliaji wa mitende katika nchi kavu, na nina jambo moja tu la kukuambia. Mtende hauishi kwa wingi wa maji. Huishi kwa maji yaliyopimwa, yajayo kwa zamu, chini ya makubaliano ambayo kila mwenye shamba anayaheshimu. Makubaliano yakivunjika, mtende hufa, hata kama pampu inanguruma kutwa kucha.

Tuujue kwanza mti wenyewe. Waarabu husema kwamba mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake kiwe motoni. Kichwa motoni, kwa sababu tende haziivi vyema bila miezi mingi ya joto kali na hewa kavu. Mvua ikizikuta zinaiva, hupasuka, huchacha na kuozea kwenye shada. Ndiyo sababu huku kwetu pwani mtende waweza kusimama uani na kupendeza macho, lakini tende za kufuturia Ramadhani tunangoja zije kutoka ng'ambo. Na miguu majini, kwa sababu mti huu, ingawa unavumilia kiangazi kuliko miti mingi ya matunda, hauwezi kuzaa bila kunywa. Mizizi inayofanya kazi kubwa ya kunyonya imo ndani ya mita 2 hivi za juu za udongo. Udongo huo ukikauka muda mrefu, mtende hautakufa upesi, lakini makuti mapya yatapungua, matunda yatakuwa madogo, na mwaka unaofuata mashada yatakuwa machache.

Wengi wetu tukiona picha ya mitende tunaona jangwa, tukadhani mti huu umezaliwa usihitaji maji. Sivyo. Mtende mkubwa, katika kiangazi kikali cha nchi za Ghuba, waweza kutumia zaidi ya lita 100 za maji kwa siku moja. Hayo ni madumu 5 ya lita 20. Ukiwa na mitende 100, hesabu madumu 500 kila siku ya kiangazi. Wakati wa baridi hitaji hilo hupungua sana, lakini haliishi. Basi jangwa halioteshi tende kwa kuwa ni jangwa. Huziotesha pale tu maji yalipo karibu chini ya ardhi, au pale binadamu alipoyaleta.

Sasa twende Oman tukaone yaliletwaje. Oman haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima kutoka milimani hadi baharini. Mvua hunyesha kwa nadra milimani, maji huteremka mabondeni kwa kishindo, kisha hupotea ndani ya kokoto. Wazee wa nchi hiyo wakajifunza kuyafuata yalikopotelea. Walichimba kisima kirefu kwenye mguu wa mlima, kisima mama, mpaka wakayafikia. Kutoka hapo wakachimba handaki chini ya ardhi, wakilielekeza kijijini kwa mteremko mdogo mno: mkali kidogo tu, maji yangekimbia na kula kuta, na bapa kidogo tu, yangesimama. Handaki hilo laweza kwenda kilomita kadhaa. Kila baada ya hatua kadhaa walitoboa tundu la kuingizia hewa na kutolea udongo. Maji yanasafiri gizani, jua haliyaoni, hayafyonzwi na upepo, hadi yatokeze pale sharia, juu kidogo ya mashamba. Hakuna ng'ombe wa kuvuta, hakuna injini, hakuna mafuta.

Mfereji huu huitwa falaji, na neno hilo nalo lina siri yake: asili yake ni kugawa, kupasua kitu kuwa mafungu. Angalia hapo, msikilizaji. Hawakuuita mfereji huu kwa jina la kuchimba, wala la kutiririka. Waliuita kwa jina la kugawana. Falaji za mahandaki huitwa daudi, na inasimuliwa kwamba Nabii Suleiman mwana wa Daudi alipopita Oman aliwaamuru majini wazichimbe. Ziko pia falaji zinazochukua maji ya juujuu bondeni, na nyingine zinazotoka kwenye chemchemi. Takriban 3,000 zingali zikifanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza 5 katika Urithi wa Dunia, zikiwemo Falaj Daris ya Nizwa na Falaj Al-Khatmeen ya Birkat al-Mauz.

Maji yakishatokeza, huenda kwa mpangilio usiopinduliwa. Kwanza maji ya kunywa. Kisha msikiti, kisha mabafu ya wanaume na ya wanawake kila moja mahali pake, na baada ya hapo ndipo yaingie mashambani. Na mashambani nako kuna wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza ni mtende, kwa kuwa ni mti wa miaka mingi, na ukifa leo utangoja miaka mpaka mwingine uzae. Chini ya mitende hupandwa milimau na mikomamanga, na chini yake majani ya kulishia mifugo, ili maji yaleyale yaliyonywesha mti mkubwa yanyweshe na vidogo vilivyo kivulini mwake. Mwisho kabisa wa mfereji huwa pana konde za mazao ya msimu, ngano au mboga. Mwaka wa neema konde hizo hulimwa. Mwaka wa ukame huachwa tupu, na hakuna anayelalamika, kwa sababu tangu zilipopimwa kila mtu alijua kwamba hizo ndizo za kusubiri.

Tufike sasa penye kiini. Katika falaji, mkulima hamiliki lita za maji. Anamiliki muda. Kipimo chake kinaitwa athari, nacho ni kama nusu saa. Katika nusu saa yako mfereji wote ni wako: unaondoa kizuizi cha mawe na matambara, maji yanaingia kwenye visahani vya udongo vinavyozunguka mitende yako, kimoja baada ya kingine, na muda wako ukiisha unafunga, jirani anafungua. Siku zikizunguka, zamu yako inarudi tena. Mchana walipima kwa mti uliosimikwa uwanjani na kivuli chake kikipita kwenye alama. Usiku walipima kwa nyota, kila nyota ikichomoza juu ya ukuta au mlima ni zamu ya mtu mwingine. Siku hizi wengi hutazama saa ya mkononi, lakini hesabu ni ileile.

Zingatia hekima iliyomo humu. Kwa kuwa fungu ni muda na si ujazo, mvua ikikosekana na mfereji ukapungua, kila mmoja anapata nusu saa yake ileile, ila maji yake ni kidogo. Tajiri anapungukiwa kama maskini. Ukame haumwangukii mwenye shamba mmoja peke yake. Huwagusa wote, na kwa sababu huwagusa wote, wote hutoka kwenda kuuzibua mfereji.

Na wanaosimamia kazi hii ni watu ambao wewe Mswahili hutahitaji kutafsiriwa vyeo vyao. Yuko wakili, mkuu wa falaji. Yuko arifu, anayejua mfereji na zamu zake. Yuko amini wa daftari, anayeandika nani ana nusu saa ngapi. Na yuko dalali, kwa maana baadhi ya zamu ni mali ya falaji yenyewe, hupigwa mnada kwa atakayetoa bei kubwa, na fedha hizo hutengenezea handaki linapobomoka. Zamu nyingine ni wakfu, mapato yake ni ya msikiti. Sisi tuna methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Kule daftari hilo ndilo lililozuia watu kumwaga damu kwenye mfereji wakati wa kiangazi.

Haya hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Waomani waliohamia Unguja, Mombasa na Lamu wengi walitoka katika vijiji hivi, na wapo waliolima karafuu huku hali kule jamaa zao wakiangalia mitende na zamu za maji. Tangu miaka ya 1970 wengi wamerudi, na leo ukipita Muscat au Ibra si ajabu kusikia Kiswahili dukani. Kila kaskazi ilipovuma, majahazi yalileta tende kwetu, na kusi ilipoanza yalirudi na boriti za mikoko.

Tende nyingi zilizopakiwa majahazini zilitoka Basra, nchini Iraq, na kule mitende ilinyweshwa kwa njia nyingine ya kustaajabisha. Maji ya bahari yalipojaa, yaliusukuma nyuma mto wa Shatt al-Arab, na maji matamu ya mto yakapanda yakaingia kwenye vijito vya mashamba. Yalipokupwa, yakatoka. Mara mbili kwa siku, bila mtu kuinua ndoo. Basra kwa karne nyingi mwezi wa angani, unaoijaza bahari na kuifanya ikupwe, ndio uliokuwa ukifungua mfereji. Kisha vita vya Iraq na Iran vya mwaka 1980 hadi 1988 vikateketeza mitende kwa mamilioni, mabwawa ya juu yakapunguza maji ya mto, na chumvi ya bahari ikapanda pale maji matamu yalipokuwa yakipita.

Sasa nikueleze kinachotokea kipimo kinapovunjwa, kwa visa viwili. Cha kwanza ni uwanda wa Batinah, pwani ya Oman, kaskazini magharibi mwa Muscat. Zamani wakulima wa huko walivuta maji ya visima kwa ng'ombe dume, akienda na kurudi kwenye mteremko, kamba ikilia kwenye kapi. Ng'ombe huchoka. Uchovu wake ulikuwa kipimo: kisima kilipata usiku wa kujijaza. Zikaja pampu za dizeli, na baadaye za umeme. Pampu haichoki. Kila mwenye shamba akachimba chake, akavuta apendavyo, bila wakili, bila daftari. Maji matamu yaliyokuwa yakiizuia bahari chini ya ardhi yakapungua, bahari ikasogea. Visima vikaanza kutoa maji ya chumvi. Mtende huvumilia chumvi kuliko karibu miti yote ya matunda, lakini una mwisho wake. Makuti yakaanza kukauka kuanzia nchani, mavuno yakashuka, na mashamba yaliyolisha vizazi yakaachwa. Serikali imejenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yazame ardhini na kuisukuma bahari irudi. Ni kazi njema, lakini ni kazi ya kurudisha kilichochukuliwa bila hesabu.

Kisa cha pili kiko Souf, jangwani Algeria, karibu na mji wa El Oued. Huko watu hawakuyaleta maji kwa mtende, waliupeleka mtende kwa maji. Walichimba mashimo mapana kama mabakuli katikati ya vilima vya mchanga, wakapanda mitende chini kabisa ili mizizi iyafikie maji yenyewe. Mitende hiyo haikumwagiliwa. Kazi ya mkulima ilikuwa kubeba mchanga mgongoni, siku zote, upepo usije ukalijaza shimo. Kisha mji ukakua, vikachimbwa visima virefu vya kufikia maji ya mbali chini, yakatumika majumbani, na maji machafu yakazama bila pa kutokea. Maji ya chini yakapanda. Mashimo yakawa madimbwi, na mitende iliyostahimili jangwa vizazi na vizazi ikafa imesimama majini. Batinah mitende ilikufa kwa kuvuta mno, Souf ikafa kwa kumwaga mno. Kosa ni moja.

Sasa turudi nyumbani. Mitende inaoteshwa kaskazini mwa Kenya, kando ya mto Turkwel katika Turkana, na kule Garissa, Wajir na Mandera. Wapo pia wanaotamani kuijaribu katika nchi kavu za Tanzania ya kati. Ni tamaa njema, na sitaki kumvunja mtu moyo. Lakini niliwahi kutembelea kikundi kimoja cha wakulima katika nchi kavu, jina lake sitalitaja. Walikuwa na kisima kipya, pampu ya jua na tangi linalong'aa. Zamu hawakuwa nazo. Wa karibu na tangi walimwagilia asubuhi na jioni mpaka visahani vikawa tope. Wa mbali waliambulia bomba lililokauka. Nilipofika, miche ya mwisho wa shamba ilikuwa imekauka, na miche ya karibu na tangi ilikuwa imeoza kwenye kitovu. Wote walililaumu jua. Jua halikuwa na kosa.

Kwa hiyo, kwako wewe unayetaka kupanda, sikiliza haya machache. Usipande kokwa ukitarajia tende. Karibu nusu ya miche ya kokwa huwa madume yasiyozaa, na majike yake hayafanani na mama. Tafuta chipukizi lililotolewa ubavuni mwa mtende jike unaoujua, au mche uliokuzwa maabara. Utahitaji dume moja kwa majike mengi, na uchavushaji hufanywa kwa mkono. Ukishapanda, tengeneza kisahani kuzunguka shina, lakini usimwagie maji kwenye moyo wa chipukizi, utauozesha. Wiki za mwanzo usiruhusu udongo ukauke hata kidogo. Tandaza majani makavu, mbali kidogo na shina ili kuepuka mchwa.

Mti ukikua, panua kisahani, kwa sababu mizizi inayokunywa husogea nje. Badilisha na mwendo: badala ya kuunywesha kidogo kila siku, unyweshe kwa kina, kisha uache siku zipite. Mchanga hutaka maji mapema, mfinyanzi husubiri. Usiulize kalenda, chimba kwa mkono mpaka kiwiko na ushike udongo. Maji kidogokidogo ya kila siku huleta maradhi ya siri: yanakauka na kuacha chumvi juu. Ukiona ukoko mweupe kwenye kisahani, jua unauwekea mti wako sumu. Mara kwa mara mwaga maji mengi ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi, lakini hakikisha udongo una pa kuyapitishia. Matunda yanapokua, usiukoseshe mti maji. Yanapoiva, punguza.

Na kabla ya yote, pima maji ya kisima chako. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya uwanda wa Lotikipi, Turkana, na watu wakafurahi kwa haki. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji yaliyopatikana yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywewa. Wingi wa maji si habari kamili mpaka uyaonje.

Mwisho, zamu. Hatuhitaji kuiazima elimu hii Oman, maana tunayo. Wamarakwet wamegawana maji ya mifereji yao kutoka milima ya Cherangani hadi bonde la Kerio kwa vizazi vingi, kila ukoo na siku zake. Wachagga wamefanya hivyo kwa mifereji yao, iitwayo mifongo, Kilimanjaro. Wasonjo wa kaskazini mwa Tanzania walikabidhi maji kwa wazee wao. Babu zetu walijua kwamba mfereji usio na makubaliano ni chanzo cha ugomvi. Sisi tumepewa pampu, tukadhani pampu imeondoa haja ya kukubaliana. Nami siichukii pampu, wala mipira ya matone, ambayo huokoa maji mengi ikitunzwa. Ninachosema ni kwamba chombo kisichochoka chahitaji watu wanaojua kusema sasa basi, zamu yangu imekwisha.

Basi, ndugu yangu uliye Lodwar, Garissa au Dodoma, na wewe afisa unayepanga mradi wa maji huko uliko: kabla fundi hajashusha bomba la kwanza, waiteni watu wakae chini ya mti. Mchagueni wakili wenu, fungueni daftari lenu, hesabuni nani atakunywa kwanza na nani atasubiri mwaka ukiwa mbaya. Andikeni zamu kwanza, ndipo mchimbe kisima.